Batul na Ndoo Moja na Nusu

Kupita Zagora, kusini kabisa ya Moroko, kuna kijiji kinaitwa Tinfarat, na kupita Tinfarat hakuna kitu. Kuna mchanga tu, nao ukikuona unakuuliza umepotea au umekosana na watu wa kwenu. Mvua mara ya mwisho ilinyesha huko siku ya Jumanne, na wazee mpaka leo wanabishana ilikuwa Jumanne ya mwaka gani. Kunguru wa huko husafiri na chupa. Na huko ndiko Batul alikokaa miaka ishirini na saba, yeye mtoto wa Sale, mji wenye mto upande huu na bahari upande ule, na katikati watu wanaomwagiana maji kwa raha zao.

Aliyemleta ni Miludi, mumewe, dereva wa greda la barabara. Alipokuwa akimposa alimwambia kwao kuna mitende. Hakusema mingapi. Batul alipofika akaihesabu: tisa, na mmoja ulikuwa umeinama kama unaomba uondolewe.

Alizoea. Alizoea kukung'uta viatu asubuhi kwa ajili ya nge. Alizoea upepo unaotia mchanga kwenye chai, ikafika mahali chai isiyo na mchanga akaiona haina ladha. Watu wa Tinfarat nao walimpenda, kwa sababu alijua kufuma na alijua kucheka. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho kilikuja mara moja kwa mwaka: asubuhi ya baada ya Ashura.

Kwao Sale, Ashura ilikuwa siku mbili. Siku ya kwanza watoto walinunuliwa vigoma vya udongo, wakavipiga mpaka watu wazima wakawaonea wivu viziwi. Jioni waliruka moto uliowashwa njia panda, na nyumbani kuskusi ilipikwa kwa mkia wa kondoo wa Idi, mkia uliokaushwa kwa chumvi na kufichwa mwezi mzima, na ole wake aliyeugusa kabla ya siku. Kulikuwa na sinia la tini kavu, tende, lozi na jozi. Lakini hayo yote yalikuwa kupasha misuli. Siku yenyewe ilikuwa kesho yake, siku waliyoiita Zamzam, ambayo maji yote ya mji yana baraka na kila mwenye mkono ana ruhusa. Dada anammwagia kaka, mke anammwagia mume, imamu anapita mbio ameshika kilemba. Atakayekasirika siku hiyo anachekwa mpaka Ashura nyingine.

Jemadari wao alikuwa bibi yake Batul, Bibi Rukia. Mwaka mzima Bibi Rukia hakuinuka kitini bila watu wawili kumshika, mmoja wa kumvuta na mmoja wa kusikiliza malalamiko. Lakini asubuhi ya Zamzam watu waliamka wakamkuta juu ya paa na ndoo mbili zimejaa, na hakuna aliyewahi kumwona akipanda ngazi. Aliwapanga wajukuu ukingoni akawapa sheria moja tu: "Msichungulie. Mlango ukigongwa, mwaga. Ukichungulia, wa chini anaruka pembeni, wewe unabaki na ndoo tupu na aibu yako." Mwaka mmoja wakamlowesha tarishi na mkoba wake wote. Barua za mtaa mzima zikaanikwa kwenye kamba, kila mtu akasoma ya kila mtu, na zikapatikana humo ndoa mbili na siri moja ya mwuza samaki ambayo haijaisha kusimuliwa.

Sasa ondoka na hayo uende Tinfarat. Huko maji huja kwa lori siku ya Alhamisi, yakatiwa kwenye tangi la zege nyuma ya msikiti. Tangi lina bomba moja, bomba lina kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwa Hajja Tudda. Kila nyumba madumu mawili kwa siku, ya mvaa hariri na ya mvaa gunia.

Hajja Tudda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kama amebeba bakuli lililojaa kichwani na anakuonya usimguse. Alijua kila tone linaingia nyumba gani na linatoka kwa mlango gani. Kuna bwana mmoja aliosha pikipiki yake kwa dumu zima, ili aende nayo harusini inang'aa. Hajja alimfungia bomba siku saba. Bwana yule hata leo akipita na pikipiki yake iliyojaa vumbi, hulipapasa lile vumbi kwa heshima.

Kwa hiyo miaka ishirini na saba Batul alifanya hivi: asubuhi ya Zamzam alichovya vidole vitatu kwenye kikombe, akamnyunyizia Miludi usoni. Miludi alisema, "Ahsante, mama Ibtisam," akajipangusa kama mtu aliyeguswa na inzi, na sikukuu ikawa imekwisha.

Mwaka huo mdogo wake, Khadduj, alipiga simu kutoka Sale mwezi wa Muharram ulipoandama tu.

"Dada, mwaka huu unammwagia nani?"

"Nimmwagie nani mimi? Nitamnyunyizia Miludi kama kawaida."

"Kunyunyiza. Huko ni Zamzam au mnazingua jini?"

"Wewe una mto mlangoni, Khadduj. Mimi nina madumu mawili."

"Umekauka, dada. Siku ukija huku itabidi tukuroweke kwanza kama maharage, ndipo tukutambue."

Batul alicheka, akakata simu, akaenda kukaa jikoni. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akautazama mkono wake, akaugeuza huku na huku. Halafu akainuka, akachukua ndoo mbili tupu za rangi, akaziingiza uvungu wa ngazi, akazifunika gunia.

Mwaka wenyewe, lakini, haukuwa wa kuchezea, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Binti yake wa pekee, Ibtisam, alikuwa amependana na Lahsen, mwalimu wa shule ya kijiji, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Na Lahsen alikuwa mtoto wa nani? Wa Hajja Tudda. Mwezi wa Muharram watu wa huko hawasemi maneno ya posa, ni mwiko. Jibu lilikuwa lingojwe mpaka mwezi uishe. Miludi alipokwenda kupeleleza, Hajja hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Alisema, "Tutaona kwanza ile nyumba inavyotumia maji."

Ibtisam aliposikia hivyo alianza kunywa maji kwa kijiko.

Batul naye aliweka akiba yake kikombe kwa kikombe, siku tisa. Vyombo alivisugua kwa mchanga na majivu kabla ya kuvipitisha majini. Chai yake alikunywa nusu glasi. Nguo za kufua akazisogeza kesho, na kesho akazisogeza kesho yake, mpaka jalaba la Miludi likawa jioni halitundikwi tena: linaachwa wima pembeni ya mlango, limesimama lenyewe, na wageni wawili walilisalimia.

Siku ya nane Ibtisam alifagia uvungu wa ngazi.

"Mama, ndoo hizi ni za nini?"

"Za baba yako."

"Baba anaumwa?"

"Bado."

Ibtisam akafunua gunia, akaona, akaelewa. Alikwisha kuisikia habari ya Bibi Rukia tangu yuko matitini. "Mama, nakuomba. Nakushika miguu. Si mwaka huu. Hajja anatuhesabia."

"Ahesabu ninachomwibia mtu. Maji haya nimeyatoa kwenye koo langu mwenyewe, sijamnyima jirani wala punda."

"Basi mmwagie baba humu ndani, kwenye karai."

"Ndani hainogi."

"Mama."

"Mwanangu, mara moja. Ndoo mbili, mtu mmoja, tena mtu mwenyewe ni baba yako, na harufu yake siku hizi hata wewe unaijua. Nani atajua?"

Usiulize nani atajua katika kijiji chenye nyumba arobaini na kamba za nguo arobaini. Maana Hajja Tudda, kila asubuhi akifungua bomba, macho yake yalitembea juu ya mapaa. Siku ya kwanza aliona kamba ya Batul haina nguo. Siku ya tatu haina. Siku ya tisa haina hata soksi. Na madumu mawili yanachukuliwa kila siku, yamejaa. Mwanamke mwingine angemwuliza jirani. Hajja hakuwa mtu wa kuuliza jirani. Alijifunga shuka lake la nili, lile jipya, la buluu ya kukaribia weusi, akaenda mwenyewe asubuhi ya baada ya Ashura, akamwulize Batul ana kwa ana maji yanakwenda wapi.

Asubuhi hiyohiyo Batul alikuwa amemtuma Miludi dukani kununua mnanaa. Akapandisha ndoo ya kwanza juu, akapandisha ya pili, akachuchumaa nyuma ya ukingo wa paa juu ya mlango. Moyo ulikuwa unamdunda kama vile vigoma vya udongo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, magoti yanalia kama bawaba, na bado alijikuta anajiziba mdomo kwa kiganja ili asicheke, kama alivyofanya alipokuwa na miaka saba. Miludi alikuwa na desturi ya kugonga mlango kwa pete yake ya fedha, mara tatu, chuma kwa chuma.

Mlango ukagongwa mara tatu, chuma kwa chuma.

Batul hakuchungulia. Alilelewa vizuri. Aliinua ndoo ya kwanza akaimwaga yote kwa mkupuo mmoja, akaidaka ya pili, akaanza kuimwaga, na ndoo ikiwa nusu akasimama. Kulikuwa kimya. Mtu aliyemwagiwa hupiga kelele, hucheka, huapa kulipiza. Miludi hasa angewataja babu zake wote kwa majina. Huku chini palisikika kuchuruzika tu.

Akachungulia.

Hajja Tudda alikuwa amesimama palepale, wima, ufunguo wa tangi bado umeinuliwa mkononi, ule aliogongea. Shuka la nili lilikuwa halijaona maji tangu litoke kiwandani, na sasa lilikuwa linatoa rangi. Mashavu yake yalikuwa ya buluu. Shingo ilikuwa ya buluu. Mchirizi wa buluu ulitoka miguuni mwake ukateremka kichochoroni, na mbuzi wa jirani akaufuata anaulamba. Wako wanaosema mbuzi yule alizaa watoto wa buluu. Huo ni uwongo. Ni mmoja tu aliyekuwa hivyo, na wala si mwili mzima.

Hajja aliinua uso polepole. "Ndoo ngapi?" akauliza.

"Moja, Hajja," Batul akajibu kutoka juu, sauti imekuwa nyembamba kama ya kifaranga.

Hajja akatazama chini, akatazama ukuta ulivyolowa, akapima. "Moja na nusu," akasema. Akageuka akaenda zake, vilevile anavyotembea siku zote.

Alipishana na Miludi kwenye kona. Miludi, mnanaa mkononi, akamtazama juu mpaka chini. "Salaam alaykum, Hajja. Kumbe imenyesha? Upande gani?" Hajja akampita. Miludi akafika mlangoni, akaiona buluu, akainua macho, akamwona mkewe paani na ndoo. Mnanaa ukamtoka mkononi.

"Mama Ibtisam," akasema, "basi la Zagora linaondoka saa sita. Nani anafunga mizigo, wewe au mimi?"

Ibtisam alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameshika kichwa. "Umeniua, mama."

"Hujafa. Maiti hawaongei."

"Nitazeekea humu ndani. Nitakuwa yule shangazi wa kupepeta dengu za watu."

"Dengu zina ubaya gani?"

"Mama, usinichekeshe, nalia."

Na kweli alikuwa analia, na katikati ya kulia akacheka, na kucheka kukamtia hasira zaidi. Batul aliteremka, akakaa karibu naye. Hapo mzaha ukamwisha. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba Hajja akisema hapana hakuna Tinfarat nzima atakayesema ndiyo, na kijana Lahsen kwa masikio yake yote hasikii ila la mama yake. Ndoo moja na nusu. Alitaka dakika moja tu ya kwao, na ile dakika ilikuwa imempitia mwanawe mgongoni.

"Nakwenda," akasema.

"Wapi, Sale?"

"Kwa Hajja. Baba Ibtisam, unanisindikiza?"

Miludi akalitazama lile jalaba lake lililosimama pembeni, kama anayelishauri liende badala yake. "Mimi nitalinda nyumba," akasema.

Batul akachukua sinia la Ashura, tini na jozi na lozi, akaliweka kichwani. Mkononi akachukua ile ndoo ya pili na nusu yake ya maji iliyobaki, kwa sababu hakuona namna ya kuomba msamaha wa maji mkono mtupu. Kutoka kwake mpaka kwa Hajja ni hatua mia tatu, na kila mlango ulikuwa na mtu anayejifanya anafagia. Jirani yake Yamna, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alimfuata nyuma kidogo.

"Bi Batul, unakwenda kummalizia?"

"Yamna, rudi kwako."

"Narudi. Nataka tu kujua, ni kweli amekuwa kijani?"

"Buluu."

"Alhamdulillahi," Yamna akasema, na hakurudi.

Walimkuta Hajja Tudda uani, juani, amevaa jalaba la mwanawe, uso ungali wa buluu. Shuka lilikuwa limetundikwa kwenye kamba linadondoka, na chini yake ametega karai. Matone yalikuwa yanaanguka ndani ya karai moja moja, na Hajja alikuwa anayatazama.

Batul akaweka sinia chini. Akaweka ndoo chini. "Hajja, nimekosa. Nilidhani ni mume wangu."

"Mumeo amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni Zamzam."

"Zamzam iko Maka."

"Ya kwetu, Hajja. Ya Sale." Na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa, akaketi kwenye jiwe akaeleza. Alieleza mapaa, na Bibi Rukia, na imamu ameshika kilemba. Alieleza watoto wanavyosimama jua la asubuhi nguo zimewaganda mwilini, meno yanagongana, wanapewa jozi mkononi na kuambiwa mwaka wako utakuwa mwororo. Alieleza simu ya Khadduj inavyoinuliwa juu kila mwaka ili asikie kelele, na yeye huku anasimama uani na simu sikioni, pakavu. Alieleza siku tisa na nusu glasi ya chai. Alipofika kwenye barua za tarishi Yamna mlangoni akacheka peke yake, akanyamaza.

Hajja alisikiliza bila kupepesa. Mwisho akauliza, "Na maji yale ya kwenu, mkishamwagiana, yanakwenda wapi?"

"Yanateremka mfereji mpaka mtoni."

"Na mto?"

"Unayapeleka baharini."

"Baharini," Hajja akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba kuna watu wanapanda mikate. "Mnachukua maji matamu mnaipa bahari."

"Ndiyo, Hajja."

"Na bahari inasemaje?"

"Haijawahi kushukuru."

Hajja akaguna. Akachukua jozi moja kwenye sinia, akaipasua kwa meno, maana alikuwa nayo yote thelathini na mawili na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Akatafuna. "Mimi nililowa kichwa mpaka kisigino mara moja," akasema. "Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno. Mto ulishuka kutoka milimani, wazee wanasema haujashuka hivyo tena. Mama yangu alitushika mmoja mmoja mguu na mkono akatutupa mferejini, sisi tisa, tunapiga kelele, anasema kunyweni na ngozi. Usiku ule vyura walilia mpaka hatukulala." Akatema ganda. "Tangu hapo chura sijamsikia. Leo maji yaliponiingia masikioni pale mlangoni kwako, nikawasikia. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuwa nawasikiliza."

Batul akatazama karai.

"Lakini una kosa," Hajja akaendelea, na ile sauti ya bombani ikamrudia. "Nisipolisema nitalala nalo. Umenimwagia kwenye mawe. Maji yale yameloweka ukuta na mbuzi. Inuka. Chukua ndoo yako."

Akampeleka nyuma ya nyumba, penye bustani ya kijiji, iliyozungushiwa ua wa makuti. Kila nyumba ya Tinfarat ilikuwa na tuta lake humo, vitunguu au mnanaa au maharage, na kila nyumba ilikuwa na makopo yake matatu ya kumwagilia kila siku, yaliyopimwa na Hajja mwenyewe. Hajja akavua viatu, akaingia katikati ya tuta lake la vitunguu, akasimama, mikono imeshuka, kama mtu anayepimwa nguo.

"Mwaga," akasema.

"Hajja?"

"Makopo yangu ya leo sijayamwaga. Vitunguu vinataka kunywa. Vikinywea kwangu au vikinywea hewani ni mamoja. Mwaga, ila usianzie mbali."

Batul akachota kopo la kwanza akamwagia kichwani taratibu, kwa adabu, na buluu ikazidi kumteremka ikaingia udongoni. "Umesimamisha mkono," Hajja akasema, macho ameyafumba. "Kwenu Sale wanamwaga hivyo? Bibi yako angekuona?" Basi Batul akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaimwaga yote iliyobaki kwa mkupuo. Hajja akatoa sauti ambayo Tinfarat haikuwa imeisikia kutoka kwake hata siku moja, kitu kati ya kupiga chafya na kucheka, na kuku wa jirani wakaitikia.

Yamna hakungoja. Alikwenda mbio, na habari aliyoipeleka ilikuwa hivi: Hajja Tudda ameruhusu kulowa, bustanini, kwa makopo matatu, kila mtu kwenye tuta lake, leo tu. Kabla ya adhuhuri wanawake wa nyumba arobaini walikuwa wamejipanga nje ya ua na makopo yao. Waliingia wanaona haya, wakatoka wanapiga vigelegele. Wasichana waliwamwagia mama zao, wakwe waliwamwagia wakaza wana, na waliokuwa na ugomvi wa muda mrefu walipeana kipaumbele. Yule bwana wa pikipiki aliuliza kwa heshima kama anaweza kuileta ikasimama kwenye tuta lake la maharage. Alijibiwa kwa kutazamwa tu, akarudi.

Hajja alikuwa katikati yao, amelowa, na fimbo mkononi, anapanga watu. "Wewe, sogea kulia, kitunguu cha mwisho hakijapata. Wewe inama, maji yanakuishia mabegani, mgongo unaunyima mnanaa. Nani huyo anaruka? Simameni. Mnadondokea njiani."

Ibtisam alikuja nyuma ya wote, macho yamevimba, akasimama kwenye kilango cha makuti hajui aingie au akimbie. Lahsen alikuwa upande wa pili wa ua, na masikio yake yalionekana juu ya makuti. Batul alimwona binti yake, akamwona na Hajja anavyomtazama, na kicheko kikamkwama. Batul mwenyewe alikuwa bado mkavu. Kwa kuwamwagia wengine asubuhi nzima, hakuna aliyemkumbuka.

Hajja Tudda akachukua kopo, akachungulia ndani yake, akaona limejaa. Akatazama huku na huku akitafuta tuta ambalo halijanywa, akalipata mwishoni kabisa, la maharage. Mwezi ulikuwa bado ni Muharram, na maneno yale hayasemwi. Watu wazima wote pale walijua. Lakini Hajja alikuwa na maji mkononi, na udongo mkavu mbele yake, na hakuwa na subira na kimoja wala kingine.

"Njoo usimame hapa kwenye maharage, mkwe mwenzangu," akamwambia Batul. "Na umlete na mtoto, mizizi yake ni mirefu."